Barua kwa Mwanangu: Ngozi Huzeeka Kuanzia Ndani ya Seli

Arua, West Nile, Uganda

Mwanangu mpendwa Amina,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yangu, bibi yako, ambaye hajambo na anakuombea dua katika masomo yako ya uuguzi huko Mbarara. Uliniuliza kwa nini kidonda kidogo cha mkononi mwake kilikawia kupona ilhali vyako hufunga upesi, na kwa nini ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba kuliko ile inayofunikwa na nguo. Sitaki kukujibu kwamba ni uzee tu, kwa sababu uzee una kazi zake ndani ya seli, na muuguzi anapaswa kuzijua.

Anza na mitokondria, zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza ATP, nishati ambayo seli huitumia kugawanyika, kujikarabati na kuunda kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kila mitokondria ina DNA yake yenyewe, duara dogo la jozi 16,569 za besi, yaani herufi za DNA, lenye jeni 37, ambalo watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilisoma lote mwaka 1981. DNA hiyo hurithiwa kwa mama, kwa hiyo iliyomo katika ngozi yako ilipita kwangu, na kwangu ilitoka kwa bibi yako. Jeni 13 kati ya hizo ndizo zinazotoa maelekezo ya protini za mnyororo wa upumuaji, yaani msururu wa protini zinazopokezana elektroni ili ATP itengenezwe, na ndiyo maana jeraha lolote katika duara hilo hugusa moja kwa moja uwezo wa seli kupata nishati.

Na majeraha hayakosekani. DNA hii haina histoni, yaani protini za kuikinga, kama ile ya kwenye kiini cha seli, njia zake za kujitengeneza ni chache, na ipo jirani kabisa na mahali ambapo elektroni huponyoka na kuzaa radikali za oksijeni, molekuli kali zinazoharibu chochote zinachogusa. Kadiri mnyororo unavyodhoofika ndivyo radikali hizo zinavyozidi, kama jiko la makaa lililochakaa linavyotoa moshi mwingi na moto kidogo. Seli changa huziondoa mitokondria mbovu kwa kuzimeng'enya, lakini usafi huo nao hupungua umri unapokwenda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliripoti kwamba, katika seli za ngozi za watu wa rika mbalimbali, utendaji wa kimeng'enya cha pili cha mnyororo huo ulishuka kadiri umri ulivyopanda.

Sasa zingatia tofauti ya tabaka, kwa kuwa hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Seli za tabaka la juu la ngozi huzaliwa, hupanda na kubanduka kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo nyingi huondoka na kasoro zake. Faibroblasti za tabaka la chini, ambazo ndizo zinazotengeneza kolajeni, hukaa muda mrefu na kulimbikiza kasoro. Kila seli ina nakala nyingi za duara lile, nzima na mbovu zikiwa zimechanganyika, na seli huendelea na kazi kama kawaida mpaka mbovu zinapozidi kiwango fulani. Hapo nishati hupungua, kolajeni mpya huwa chache, na vimeng'enya vinavyoikata ile ya zamani huongezeka. Ngozi hulegea, na kidonda kinachohitaji seli nyingi mpya kwa haraka hukawia. Hiyo si sababu pekee kwa mtu wa umri wa bibi yako, kwa hiyo nimesisitiza apimwe sukari pia.

Mikono imetangulia kuzeeka kwa sababu ya jua. Miale ya urujuanimno ya aina ya A hufika hadi tabaka la chini, hata kupitia kioo cha dirisha la gari, na husababisha upungufu unaojulikana sana, ambapo jozi 4,977 hufutika kwa mkupuo mmoja, yaani karibu thuluthi ya duara lote. Watafiti wa Ujerumani walipowamulika watu waliojitolea kwa miale hiyo, walikuta upungufu huo ungali katika ngozi zao baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Sisi tunaishi karibu na Ikweta, juu ya nyanda zilizoinuka, na bibi yako amelima shamba mchana kutwa tangu ujana wake.

Melanini yetu, ile rangi nyeusi ya ngozi, huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, ingawa si yote. Kwa hiyo, mwanangu, nachukizwa sana na mkorogo unaouzwa kama urembo, kwa maana unaondoa kinga ya seli hizo mahali ambapo jua haliwahurumii watu. Wenzako wa bweni watakusikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi. Waeleze kuhusu haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuchubua ngozi zilizomo ndani ya baadhi ya mafuta hayo, na kwamba hakuna mafuta ya kupaka yatakayorudisha kipande cha DNA kilichokwisha kufutika.

Bibi yako sasa anavaa mikono mirefu shambani na kurudi nyumbani kabla ya saa tano. Niandikie majibu ya mtihani wako yakitoka.

Akupendaye,
Mama yako