Barua kwa vijana mnaotaka kuanza kuwinda kulungu

Vijana wangu,

Swali mnaloniuliza kuliko yote ni moja: "Mzee, ninunue bunduki gani?" Nitalijibu, lakini mwishoni mwa barua hii, maana huko ndiko mahali pake. Anayeanza na bunduki hujikuta porini na silaha mkononi, huku hajui anayemtafuta analala wapi, anakula nini, wala akishamwangusha aanzie wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Tumezoea kumwita kulungu yule mnyama wa vichakani mwenye pembe zilizojisokota, ambazo hufa nazo. Ninayemsema hapa ni kulungu wa Ulaya, Asia na Amerika, mwenye pembe za matawi. Pembe zake ni mfupa. Hudondoka kila mwaka na kuota upya, zikikua ndani ya ngozi laini yenye vinyweleo. Wapo wa aina nyingi: kuna wa mkia mweupe wa Amerika ya Kaskazini, kuna kulungu mwekundu wa Ulaya, na wengine wengi. Kimo na tabia hutofautiana, ila pua ni ile ile, na nitairudia.

Kabla ya yote, kamilisheni mambo ya sheria. Kila nchi, na mara nyingine kila jimbo, ina msimu wake, leseni zake, na idadi ya wanyama unaoruhusiwa. Ujerumani hupati kibali mpaka ufaulu mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa kulenga shabaha. New York ilianza kudai mafunzo ya usalama mwaka 1949. Msiyaone haya kama usumbufu. Kufikia mwaka 1900, uwindaji wa biashara usio na mipaka ulikuwa umewafyeka kulungu wa mkia mweupe huko Marekani hadi kubaki takriban laki 5. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni, na waliowarudisha ni sheria pamoja na wawindaji waliokubali kubanwa nazo. Shamba la mtu nalo usiingie bila ruhusa yake, hata kama mnyama uliyempiga amekimbilia humo.

Sasa nendeni porini mikono mitupu, wiki kadhaa kabla ya msimu. Hapa ndipo mtakapojifunza zaidi, na ndipo wengi wenu mnaporuka.

Tazameni vitawi vilivyo usawa wa kiuno. Kulungu hana meno ya mbele juu. Hukibana kitawi kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, kisha hukinyofoa. Ncha inabaki imechanika, ina nyuzinyuzi. Ukikuta kitawi kimekatwa safi kwa mshazari kama kwa kisu, huyo ni sungura. Tafuteni majani yaliyolaliwa yakabaki na umbo la yai, na mti mchanga uliochubuliwa gome pale dume aliposugua pembe. Mkigundua malalio, msiyarudie rudie. Anajua mmefika, hata kama hakuwaona.

Kulungu hucheua kama mbuzi. Hula upesi upesi mahali pa wazi, kisha hujificha na kulala akicheua chakula chake. Ndiyo maana alfajiri na jioni ndizo saa za kumwona: anatembea kati ya malisho na malalio. Kazi yenu ni kuijua njia hiyo na kukaa kando yake. Wakati wa kupandana mambo hubadilika kidogo, kwani madume hutembea mchana kutwa wakifuata majike. Lakini msijenge mpango mzima juu ya majuma hayo machache.

Na sasa pua. Unaweza kujificha na macho ya kulungu kwa kutulia tu. Rangi ya chungwa haioni kama sisi tunavyoiona, kwa hiyo vaeni fulana za chungwa bila wasiwasi ili wawindaji wenzenu wawaone. (Nguo za buluu ziacheni, hiyo anaiona vizuri.) Harufu ya mwili wako haina pa kujificha. Hakuna sabuni wala dawa niliyowahi kuona ikiushinda upepo. Mimi hubeba kichupa chenye unga laini na kukibinya kila baada ya dakika chache. Unga hutoka kama moshi mdogo, nami huutazama mpaka upotee. Mara nyingi huelekea nilikodhani, kisha hatua kumi mbele hukata kona na kushuka bondeni. Kona hiyo huwezi kuihisi shavuni. Kwenye miteremko kumbukeni kwamba jua likiipasha ardhi asubuhi, hewa hupanda kilima. Jioni ikipoa, hushuka. Mahali pazuri pa asubuhi panaweza kuwa pabaya kabisa jioni. Kama upepo unakwenda kwenye njia yake, usikae hapo siku hiyo, hata kama umeamka saa tisa za usiku na kutembea kilomita tano kufika.

Kuhusu usalama nitasema machache, na sitaki mjadala. Kila bunduki ihesabiwe ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukipiga. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umeamua. Na ujue kilicho nyuma ya mnyama, kwa sababu risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Kulungu aliyesimama ukingoni mwa kilima, nyuma yake anga tupu, hapigwi. Kitu kinachotikisa kichaka hakipigwi, maana kinaweza kuwa mtu. Mkipanda dungu la mtini, fungeni mkanda wa usalama kuanzia chini mpaka mrudi chini, na bunduki ivutwe kwa kamba ikiwa haina risasi. Wawindaji wengi wanaoumia, hiki ndicho kinachowaumiza: kuanguka.

Ninachotaka mkishike kuliko vyote ni hiki: mnyama huyu anastahili kufa upesi, na dhamana ya hilo ni yako peke yako. Moyo na mapafu yake vinakaa nyuma ya bega, mahali penye upana wa sahani ndogo. Subiri asimame ubavu, au amegeuka kidogo kukupa kisogo. Akisimama ubavu, panda na mguu wa mbele kwa macho mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili, hapo ndipo. Akikutazama uso kwa uso, ngoja. Akikupa makalio, mwache aende zake.

Msimu wangu wa pili sikungoja. Ilikuwa jioni, mwanga unaisha, dume amesimama mshazari ananielekea. Nilijua amesimama vibaya kupigwa, nikafyatua hivyo hivyo. Alikunja mgongo, akatembea taratibu kuingia vichakani, hakukimbia. Nikamfuata papo hapo. Penye nyayo zake nilikuta manyoya mafupi na tone la majimaji ya kijani kibichi yenye harufu ya samadi. Nililigusa kwa kidole na bado sikuelewa. Hatua kama sitini mbele alikuwa amelala. Akaniona, akainuka kwa shida, akakimbia. Giza likaingia. Nilirudi kumtafuta siku mbili, sikumpata. Alikufa kwa maumivu mahali fulani, na nyama yake haikumfaa mtu. Miaka mingi imepita na bado namwona alivyoinuka.

Basi jifunzeni kusoma damu, mimi nilichelewa kujifunza. Damu nyekundu ang'avu yenye povu ni ya mapafu. Kaa nusu saa, kisha fuata, hatakuwa mbali. Damu nzito ya weusi ni ya ini. Mpe saa nne au zaidi. Uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu ni wa tumbo. Ondoka kimyakimya, rudi baada ya kupita muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Asipofukuzwa hulala karibu na kufia hapo. Ukimfukuza, anakwenda mbali na humpati. Weka alama kila unapoona tone, na usikanyage njia ya damu yenyewe, tembea kando yake.

Ukimkuta, mwendee kwa nyuma na uguse jicho kwa fimbo ndefu. Lisipopepesa, weka silaha kando na uanze kazi, kwa sababu joto la mwili wake ndilo adui wa nyama. Vaa glavu. Inua ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, upitishe kisu katikati yake makali yakitazama juu, ili usitoboe utumbo wala kibofu. Toa vyote vya ndani, acha hewa iingie. Nyama ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mapema uwezavyo; siku ya joto usikae kupiga picha.

Upo pia ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, ulioonekana kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967. Unatokana na protini iliyoharibika umbo, na kupika hakuiui. Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa, lakini kama eneo lenu lina ugonjwa huo, pelekeni sampuli ipimwe kabla ya kula. Mnyama aliyekonda na kuyumbayumba ripotini, msimguse.

Haya, bunduki. Kwa anayeanza, .243, .270 au .308 yoyote iliyo nzima inatosha (namba hizo ni saizi za risasi). Hakikisheni tu inafikia kiwango cha chini cha sheria ya pale mlipo. Chagueni isiyowapiga bega mpaka mkaiogopa, maana anayeiogopa bunduki yake hufumba macho. Risasi za shaba ni bora kuliko za ledi (madini ya risasi), kwa sababu ledi huvunjika vipande vidogo vinavyosambaa kwenye nyama mbali na jeraha. Kisha nendeni kwenye uwanja wa shabaha na sahani ile ndogo. Msifyatue mkiwa mmekaa mezani tu. Pigeni magoti, egemeeni mti, kimbieni kidogo ili moyo uende mbio kisha mlenge. Umbali ambao hamkosi sahani hata mara moja katika kumi, huo ndio umbali wenu msimu huu. Umbali huo ukiwa mita 70, kulungu wa mita 100 si wako bado.

Mzee wenu