Uboho hautafutwi kwa kundi la damu

Mhariri,

Hapa Mombasa mgonjwa akiambiwa anahitaji kupandikizwa uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, haipiti siku kabla ya WhatsApp kujaa nambari ya mchango na ombi la mtu mwenye damu ya O. Pesa zahitajika kweli, tena nyingi, hasa kama safari ni ya India. Hilo la kundi la damu tuliache. Kinacholinganishwa ni alama za seli ziitwazo HLA, ambazo mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Aliyepandikizwa hata hubadilika baadaye akawa na kundi la damu la yule aliyempa.

Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Siku hizi madaktari hutumia pia mzazi au mtoto anayelingana nusu, lakini njia hiyo haimfai kila mtu. Waliobaki hutafutiwa mtu baki katika madaftari ya wafadhili, yaani waliojitolea kutoa uboho wao, na hapo ndipo sisi wa Pwani tunapokwama. Duniani wamesajiliwa zaidi ya watu milioni 40, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Kwa takwimu za daftari la Marekani, Mzungu ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata anayelingana naye. Mtu mweusi, 29.

Sasa mchukue kijana wa Kibokoni ambaye nyanya yake ni Mgiriama, babu Mhadhrami, na kwa baba kuna Mbaluchi. Mji huu umeoana hivyo miaka na miaka. Mchanganyiko huo ataupata wapi Ulaya? Wa kumfaa, kama yupo, huenda anakaanga viazi karai Mji wa Kale au anavuka feri ya Likoni kila asubuhi, na hajawahi kuulizwa.

Kujisajili ni kupitishiwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi. Wengi hawaitwi kamwe. Anayeitwa kwa kawaida hudungwa sindano kwa siku kadhaa ili seli shina, zile zinazozaa seli za damu, zimiminike kutoka kwenye uboho ziingie katika damu, kisha hukaa saa nyingi kwenye mashine inayozichuja na kumrudishia damu yake. Mifupa na kichwa humuuma siku hizo, tusifichane. Wengine hufyonzwa uboho kwenye mfupa wa nyonga wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Uti wa mgongo hauguswi; uvumi wa kupooza nimeusikia hata kwa waliosoma.

Afrika Kusini walianzisha daftari lao 1991, Nigeria 2012. Wizara ya Afya na kaunti zetu zianzie palipo na watu tayari: vijana wanaojitolea damu vyuoni, misikitini na makanisani. Wenye miaka 18 hadi 35 ndio wanaotakiwa zaidi. Gharama kubwa iko maabara, si kwenye pamba, na hiyo ndiyo ya kutengewa bajeti.

Ila wasisajiliwe kwa pupa. Kabla ya kupandikizwa, uboho wa mgonjwa huangamizwa kwa dawa kali, na mfadhili akighairi wiki hiyo amemwacha mtu bila uboho wowote. Maelezo haya yatolewe kabla ya kijiti kutiwa mdomoni.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa