Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kufungua mashine

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Katibu kaniomba taarifa iwe fupi na nitajitahidi, ila kuna jambo moja lazima nilieleze kwa kirefu mana ndo limekula Jumamosi zetu karibu zote mwaka huu, nalo ni PlayStation za mwanzo, zile mashine za gemu za Sony, na jinsi ya kuzijua kwa ndani.

Mambo ya hela tuyamalize kwanza. Dada yetu mweka hazina kabandika hesabu ukutani, kila mtu aangalie jina lake. Ada zenu zimenunua pasi ya solda nzuri, lenzi ya kusomea maandishi ya kwenye chipu na transfoma ya kushusha umeme. Hiyo transfoma nitaeleza kwa nini, mana inaniuma mpaka leo.

Haya, tulianzaje. Mwanachama mmoja alitumiwa na kaka yake aliyeko Marekani PlayStation mbili, zote stika ya chini inasema modeli SCPH-1001, zote zina yale matundu matatu ya AV (ya picha na sauti) nyuma, kwa nje ukiziweka pamoja ni mapacha huwezi kuzitofautisha. Tukazifungua. Moja chipu yake ya picha ilikuwa CXD8514Q yenye miguu 160, nyingine CXD8561Q yenye miguu 208, na memori ya picha ni ya aina tofauti kabisa, ile ya kwanza inatumia VRAM na ya pili SGRAM. Yani Sony walibadilisha moyo wa picha na stika wakaiacha vilevile! Tulizifunga kwenye TV mbili tukaweka gemu moja, na ukikaa karibu unaona kabisa: kwenye mashine ya chipu ya zamani rangi inayofifia inakatika vipande vipande, kwenye ile nyingine inashuka laini. Nakumbuka tulikaa pale kimya kama dakika kumi tunaangalia anga la gemu tu, na mimi tangu siku hiyo stika ya chini naichukulia kama jina la ukoo, inakwambia nyumba ila haikwambii mtoto.

Kwa hiyo kitu cha kusoma ni bodi. Sony waliandika namba ya bodi kwenye bodi yenyewe, inaanza na PU. PU-7 ndo ya mwanzo, hiyo utaikuta kwenye SCPH-1000 za Japani zilizotoka tarehe 3 Desemba 1994, na SCPH-1000 ina tundu la S-Video nyuma, la kutoa picha, ambalo Wamarekani walipoanza kuuziwa Septemba 9, 1995 hawakulipata. Alafu inakuja PU-8, hii ndo inachanganya watu mana kuna za mapema zenye chipu ya miguu 160 na za baadaye zenye 208. Ukifika PU-18 mambo yameshabadilika sana, mashine kama SCPH-5500 hata yale matundu matatu ya AV hayapo tena, unabaki na lile moja pana.

Alafu tarehe. Chipu nyingi zina namba nne, mbili za kwanza mwaka na mbili za mwisho wiki, kwa mfano 9512 ni wiki ya 12 ya mwaka 1995. Zingine zinaandika tarakimu moja tu ya mwaka, kwa hiyo usikimbilie, soma chipu kadhaa kwenye bodi hiyohiyo uone zinakubaliana au la. Na tafadhali tuelewane hapa: mashine ambayo haijaguswa na fundi haiwezi kuwa ya zamani kuliko chipu yake mpya kuliko zote. Ukikuta zote ni za 95 alafu moja ni ya 97, ujue kuna fundi kapita hapo.

Na mafundi wamepita jamani. PlayStation za mwanzo kitoroli cha lenzi kilikuwa cha plastiki kinalika, na kilikaa karibu na pawasaplai kinapigwa joto muda wote, ndo mana video za gemu zilikuwa zinakatakata na sisi wote humu tuliwahi kuipindua PlayStation chini juu ili isome CD. Baadaye Sony wakaisogeza lenzi mbali na joto. Sasa mashine nyingi za zamani zinazotufikia lenzi ilishabadilishwa, kwa hiyo lenzi usiihesabu kama ushahidi wa umri hata siku moja. Waya za chipu ya kusomea CD za kuchoma nazo usizitoe kwa hasira, piga picha kwanza.

Linaloniuma zaidi ni wale wanaochukua bodi ya mashine ya baadaye wanaifunga kwenye ganda la SCPH-1000 na kuuza kama ya mwanzo. Kuna mwanachama wetu kapigwa hivyo mwaka huu, fundi simtaji. Namba ya bodi ndo iliyomuumbua, ila hela ilikuwa imeshaondoka.

Kuhusu transfoma. Tulipata SCPH-1000 halisi, PU-7, imekuja na mitumba ya Japani, na mimi mwenyewe nilikuwepo tulipoichomeka ukutani moja kwa moja. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Pawasaplai ikalia ikafa. Bodi ilipona, tukaiwekea pawasaplai ya mashine nyingine na tumeandika hivyo kwenye daftari ili atakayeinunua kesho asidanganywe. Kuanzia sasa mashine ya Japani au Marekani haigusi ukuta kwenye kikao chetu, inapita kwenye transfoma, sitaki ubishi.

Hilo daftari ndo kazi ninayojivunia. Kila mashine inaandikwa modeli ya kwenye stika, namba ya bodi, chipu ya picha, tarehe za chipu na kilichobadilishwa, na hii yote KABLA pasi ya solda haijapata moto. Naombeni msilione kama usumbufu. Mzee wetu wa Atari anatukumbusha kila kikao kwamba hata Famicom ya 1983, mashine ya gemu ya Nintendo, vibonyezo vya A na B vya mwanzo vilikuwa vya mraba, vya mpira, vikawa vinanasa, Nintendo wakaweka vya duara, na watu wakatupa vile vya mraba kama takataka. Leo ukivipata ni sherehe.

Mwezi ujao tunaanza Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega. Kwenye bodi tafuteni herufi VA na namba yake, hiyo ndo inataja toleo la bodi, na kabla ya kufungua washeni muone kama yale maandishi ya leseni ya Sega yanatokea mwanzoni, za mapema hayatokei. Ukileta Mega Drive ya kwanza njoo na adapta yake, ile ya Mega Drive 2 hasi na chanya zimegeuzwa. Jumamosi ya kwanza, saa nne asubuhi, palepale.