Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira: Vibali Navyo Huua

Mheshimiwa Waziri,

Spishi yoyote ikikaribia kutoweka, wa kwanza kulaumiwa ni jangili. Ana makosa yake, na afungwe. Leo naomba tumweke kando, tuwazungumzie watu wasioshika bunduki: wale wanaotia saini vibali.

Katika miaka ya 1990, tumbusi wa India, Pakistani na Nepali walianza kufa kwa wingi. Hakuna aliyewawinda. Wafugaji waliwatibu ng'ombe wao kwa diklofenaki, dawa ya maumivu iliyoruhusiwa kisheria. Ng'ombe akifa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi waliokula mzoga wake waliharibika figo, wakafa. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na nchi hizo tatu zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Kufikia hapo, spishi tatu za ndege hao zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya 90%. Tumbusi hao hutaga yai moja tu kwa mwaka, hivyo pengo la namna hiyo halizibiki upesi. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaneemeka, na kichaa cha mbwa kikawasogelea watu.

Dawa mbadala, meloksikamu, ilipojaribiwa haikuwadhuru tumbusi. Yaani njia ilikuwepo. Ila wakati wa kutoa kibali hakuna aliyeuliza nani atakula mzoga. (Tumbusi hana mvuto wa simba wala tembo. Pengine ndiyo maana.)

Chura wa Kihansi, Tanzania, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Amesalia kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa Marekani kufugwa. Umeme ulihitajika, sikatai. Lakini kiasi cha maji ya kumwachia chura hupangwa kabla ya zege kumwagwa.

Desemba 2022, mjini Montreal, serikali zilikubaliana kuhifadhi 30% ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Hilo ndilo linalopigiwa picha. Makubaliano hayohayo yanataka pia ruzuku zinazodhuru bioanuwai (aina mbalimbali za viumbe) zipunguzwe kwa angalau dola bilioni 500 kwa mwaka, na hili halisemwi sana, kwa kuwa fedha hizo ziko kwenye kilimo, uvuvi na nishati, meza ambazo si zako. Malengo 20 ya Aichi, ya dunia nzima ya kulinda bioanuwai, yaliyowekwa mwaka 2010, yalifika 2020 bila hata moja kutimizwa kikamilifu.

Kwa hiyo naomba hivi: dawa ya mifugo, kiuatilifu au bwawa lisipate kibali bila saini ya wizara yako, na sababu za kukubali au kukataa zitangazwe. Waziri mwenzako akisema mradi wake hauwezi kusubiri, mwombe aliandike hilo, aweke na jina lake.

Wako,
Mwananchi