Kinachoamua saa za ndege kati ya Asia na Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwajibu wasomaji wawili waliobishana humu hivi karibuni kuhusu sababu ya ndege kutumia saa nyingi zaidi inapotoka Asia kwenda Ulaya kuliko inaporudi. Wa kwanza alidai kwamba ni kwa sababu dunia inajizungusha ndege ikiwa angani. Wa pili alisema ni mashirika ya ndege yanayopunguza mwendo ili kubana mafuta. Nimefundisha Jiografia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na siwezi kuliacha jambo hili lipite hivihivi, maana dai la kwanza nimelisikia kwa wanafunzi wa kila kidato niliowahi kuwafundisha.

Ukiwa ndani ya basi linalokwenda kasi ukarusha chungwa juu, chungwa hilo hurudi mkononi mwako, haliendi kumpiga aliyekaa kiti cha nyuma, kwa kuwa lilikuwa linakwenda pamoja na basi tangu mwanzo. Ndege nayo iko hivyo hivyo, kwa sababu hewa inamopaa inazunguka pamoja na dunia. Tena, kama dai hilo lingekuwa kweli, safari ya kwenda magharibi ndiyo ingekuwa fupi, maana London ingekuwa inakuja kuilaki ndege, na sote tunajua kuwa mambo ni kinyume. Mzunguko wa dunia unahusika kwa njia nyingine: huzipinda pepo zinazotoka upande wa joto kuelekea kwenye baridi ya ncha, zikawa kama mto wa upepo unaotiririka kwenda mashariki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambacho ndicho kimo cha ndege za masafa marefu. Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima upepo huo katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo cha Tateno, akaandika ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya mataifa yote, ili walimwengu waisome, lakini ni wachache mno walioisoma.

Nguvu ya mto huo si ndogo. Mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi, hasa karibu na Japani, huweza kuvuka 300. Tuchukue ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa na upepo wa kilomita 150. Kipande cha kilomita 3,000 kitaichukua saa 4 kamili ikiukabili upepo, na saa 2 na dakika 51 ukiisukuma kwa nyuma, ilhali injini zinafanya kazi ile ile. Ndiyo maana safari ya Singapore hadi London kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko ya kurudi, na ndiyo maana ratiba za majira ya baridi hutofautiana na za kiangazi. Sisi wa pwani hatukupaswa kulishangaa hili, kwani wazee wetu walijua kuwa muda wa jahazi kufika Muscat hauhesabiwi kwa maili bali kwa kusi na kaskazi.

Hata hivyo, upepo ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni ruhusa ya kupita. Darasani nilikuwa na tufe la plastiki na uzi mwekundu. Nilimwita mwanafunzi aubane uzi kwa kidole pale Helsinki, mji mkuu wa Finland, mwingine auvute hadi ukaze kufikia Tokyo. Kwenye ramani bapa ya ukutani, mstari baina ya miji hiyo unapita Kazakhstan na Mongolia, lakini kwenye tufe uzi ulipanda juu na kulala kaskazini ya Urusi, juu ya Siberia. Hiyo ndiyo njia fupi, kama kilomita 7,800, na ndege za Finnair, shirika la Finland, ziliikata kwa saa 9 na nusu hivi. Mwishoni mwa Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi za Ulaya zilizifungia ndege za Urusi anga yao, nayo Urusi ikazifungia za kwao. Safari ile ile sasa ni kama saa 13, ama kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, ama kwa kuzunguka kusini mwa Urusi. Miji haikusogea, wala hakuna rubani aliyelegeza mwendo.

Nchi nyingine zilipata shida hiyo hiyo, na baadhi ya ndege za Japani zinazokwenda London zikaanza kuondoka Tokyo zikielekea mashariki, juu ya Pasifiki, Alaska, Kanada na Greenland, ili angalau sehemu ya safari ule mto wa upepo uzibebe. Ndege za China, ambazo Urusi haikuzifungia, zinaendelea kupita Siberia na kufika mapema. Kwa hiyo abiria wawili wanaotoka mji mmoja wa Ulaya kwenda mji mmoja wa China wanaweza kutofautiana kwa saa kadhaa kwa sababu tu ya bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege. Hili linanisikitisha, kwa kuwa kila saa ya ziada ni mafuta yanayochomwa na nauli inayopanda, na anayelipa ni abiria ambaye hakuhusika kabisa na ugomvi huo.

Wala si jambo geni. Wakati Umoja wa Kisovyeti ulipoifunga anga yake, ndege za Ulaya zilikwenda Tokyo kwa kutua Anchorage, huko Alaska, kujaza mafuta, njia ambayo SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, iliianzisha mwaka 1957.

Yupo atakayeuliza kwa nini basi ndege zisikate moja kwa moja katikati ya Asia. Hapo kuna Tibet, uwanda wenye kimo cha wastani kinachozidi meta 4,500. Hewa ikivuja ndani ya ndege, rubani hutakiwa kushuka hadi meta 3,000 hivi ili watu wapumue, lakini pale ardhi yenyewe iko juu ya kimo hicho, hivyo marubani wengi huzunguka. Upande wa magharibi wake kuna vita. Tangu ndege ya Malaysia iliyotoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur itunguliwe juu ya Ukraine Julai 2014, wakafa watu 298, hakuna anayelichukulia jambo hilo kwa wepesi. Juni 2025, Iran na Israeli ziliposhambuliana, anga ya Iran na Iraki ilifungwa, na ndege zikabanana ama kaskazini kupitia Azerbaijan na Georgia, ama kusini kupitia Saudi Arabia na Misri.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako linaporipoti kwamba nchi fulani imefunga anga yake, tafadhali liambatanishe na ramani ya njia za ndege, na ramani hiyo ichorwe kutoka kwenye tufe, si ile bapa inayowapotosha wanafunzi. Mchoraji wenu akitaka kujaribu mwenyewe kabla ya kuchora, tufe langu bado ninalo, na ule uzi mwekundu pia.

Mwalimu mstaafu,
Tanga