Barua kwa Mwanangu: Jiwe la Tiddis

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama, na mama yako amenisomea mara mbili pale unapolalamika kwamba, baada ya miaka yote ya chuo, umepangiwa kitengo cha barabara. Nimemkumbuka mtu ambaye katika miaka yangu ya kufundisha historia nilimpitia harakaharaka, naye alistahili zaidi: Quintus Lollius Urbicus, seneta wa Roma aliyetokea Tiddis, mji mdogo wa mlimani huko Numidia, karibu na Constantine ya Algeria ya leo. Mji wenyewe haukuwa na chemchemi, bali wenyeji walikinga maji ya mvua na kuyahifadhi kwenye matangi.

Watu wa Tiddis walimsimamishia jiwe la heshima kwa fedha za umma. Vyeo vikubwa vimetangulia, konsuli (cheo cha juu kabisa cha seneta) kwanza, kisha gavana wa jimbo la Germania ya Chini; lakini ukitaka kumfuata mtu mwenyewe, anza kusoma kutoka chini. Huko utamkuta kijana, mmoja wa wanne waliosimamia matengenezo ya njia za jiji la Roma. Ndiyo, barabara. Kisha ni ofisa katika Legioni ya 22, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, halafu mtunza hazina, halafu msaidizi wa gavana wa Asia, jimbo la Roma lililoitwa hivyo.

Mistari inayofuata usiipite upesi. Alipogombea utribuni wa watu, cheo cha mtetezi wa raia wa kawaida, na tena alipogombea upretori, cheo cha hakimu mkuu, jiwe linasema wazi kwamba alikuwa mgombea wa Kaisari, mtawala mkuu wa dola ya Roma, maana yake kura za maseneta zilikuwa za kukamilisha taratibu tu. Sisi tungeona haya kuandika jambo kama hilo kwenye wasifu wa kazi. Wao walilichonga kwenye jiwe, kwa kuwa kupendwa na Kaisari kulikuwa sifa kupita ushindi wenyewe. Tena hakuna aliyeingia Seneti pasipo mali ya sesterti (sarafu za Kirumi) 1,000,000, kwa hiyo usinielewe kana kwamba nasema bidii peke yake ndiyo iliyombeba.

Kaisari Hadrian alimtumia katika vita vya Uyahudi, wakati wa uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, ulioanza mwaka 132, naye akatunukiwa mkuki wa heshima na taji la dhahabu. Britania, yaani Uingereza ya leo, haimo kabisa kwenye jiwe lile, kwa sababu kazi iliyomfanya akumbukwe ilikuwa bado haijaja. Antoninus Pius, aliyeanza kutawala mwaka 138, ndiye aliyempa ugavana wa huko, na Urbicus akausogeza mpaka wa dola kaskazini hadi Uskoti, ambako ulijengwa ukuta wa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, juu ya msingi wa mawe, kilomita 60 hivi, kutoka pwani hadi pwani.

Baadaye akawa mkuu wa jiji la Roma, na hapo, nikwambie kweli, simpendi. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa zama hizo, anasimulia kwamba Urbicus alimhukumu kifo mtu aitwaye Ptolemayo kwa sababu tu alikiri kuwa Mkristo. Lukio, aliyekuwapo, akauliza kosa lake ni lipi, ilhali hakuzini, hakuua wala hakuiba. Urbicus hakulijibu swali. Alisema tu kwamba anamwona Lukio naye ni mmoja wao, na Lukio alipokubali akapelekwa kuuawa vilevile.

Mkuu huyohuyo ndiye aliyewajengea wazazi wake kaburi la mviringo mashambani, karibu na Tiddis. Limeandikwa baba yake, Marcus Lollius Senecio, mama yake, Grania Honorata, ndugu zake wawili na mjomba wake. Hao wote hawana cheo hata kimoja kwenye maandishi hayo, na yeye, aliyekuwa na vyeo vya kujaza jiwe zima, amejiandikia kimoja tu.

Utakapojibu, niambie barabara ya kwanza uliyokabidhiwa ni ipi, na kama ina mitaro.

Ni mimi baba yako.