Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: kambi za Usambara zianzie ardhini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam.

Kila likija suala la kuvuta watalii wa mahema kwenye hifadhi za misitu za Amani au Magamba, kinachotajwa kwanza ni geti, bango na banda la kulia. Sisi tunaopandisha wageni milimani tunaomba fedha ianzie chini, kwenye kiwanja cha hema.

Udongo mwekundu wa huku ni wa mfinyanzi. Ukishashindiliwa na miguu haunyonyi maji upesi. Masika mgeni anaamka godoro linaelea. Wasaidizi hukimbilia jembe, wakachimba mtaro kuzunguka hema, na hapo ndipo wanapoharibu kabisa: mvua mbili tatu, mtaro umekuwa korongo. Kinachofaa ni kiwanja cha mita 4 kwa 4, kilichoinuliwa sentimita 15 kwa changarawe iliyoshindiliwa, chenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji mmoja wa kukinga maji, na mdomo wake utandikwe mawe. Kabla ya yote, mtu atazame juu. Tawi kavu la mkaratusi halipigi hodi.

Choo ndiyo habari kubwa zaidi. Mto Zigi unaopita Amani ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Jiji la Tanga linakunywa humo. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5. Sufuria nazo zisioshwe kijitoni. Pajengwe karo, maji yake yaishie kwenye shimo lililojazwa mawe. Miamba ya kivulini kando ya vijito ndiko huota Saintpaulia, ua lililopelekwa Ujerumani kutoka kwetu mwaka 1892; sabuni na kusuguliwa haliviwezi.

Kuni zisiokotwe msituni. Ziuzwe getini kwa mafungu, za mikaratusi ya mashambani, zilizokauka. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata baridi ya Julai ikaze vipi: gesi yake huua mtu usingizini. (Na anayelalamika hema limevuja ilhali nje kukavu, mara nyingi ni mvuke wa pumzi zake, alifunga madirisha yote.)

Siafu tutapambana nao wenyewe.

Tunaomba ukaguzi wa viwanja ufanyike Aprili, mvua ikinyesha, maana Julai kila kiwanja huonekana kizuri. Wakaguzi waje na mabuti.

Waongoza watalii, Muheza na Lushoto